Je, Mwuguzi Aliyekosea Mara Tatu Ana Hatia?

Mfano huu uwe mbele ya macho ya kila msomaji, maana bila mfano neno hatia huelea hewani tu.

Katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika alikuwako mtoto mwanamume wa miaka 8. Siku moja mama yake alipokuwa akimpaka mafuta aliona baka juu ya mkono wake wa kushoto, karibu na kiwiko. Baka lile lilikuwa limefifia rangi kuliko ngozi nyingine, na upana wake ulikuwa kama kizibo cha chupa. Halikuwasha wala halikuuma. Mama akangoja majuma mawili, baka halikutoka. Basi akamshika mtoto mkono, wakaenda mwendo wa saa mbili kwa miguu mpaka dispensari.

Siku ile baraza ilijaa watu. Mwuguzi alilitazama baka akiwa upande wa pili wa meza, akasema, "Mama, hii ni choa tu." Akampa mafuta ya kupaka. Baada ya miezi miwili mama alirudi, maana baka lilikuwa limekua. Mwuguzi akasema, "Basi ni damu yake inayokataa samaki. Asile ndagala." Akampa mafuta mengine, yale yenye kotizoni. Ngozi ikatulia kwa siku chache, kisha mabaka yakawa mawili.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa sita tangu mwanzo. Mama akanena, "Mganga, mwanangu hasikii kitu mahali hapa. Juzi mkono wake uligusa sufuria ya moto, ngozi ikababuka, naye hakulia." Mwuguzi hakuinua kichwa. Aliandika tena kwenye fishi neno lile la kwanza, choa, akaita mtu mwingine. Mama akaona haya kurudi mara ya nne.

Mwaka mzima ukapita. Ndipo alipofika kijijini mwuguzi mwingine, mwenye kazi ya kuwatafuta wagonjwa wa ukoma. Alichukua pamba kidogo, akaisokota iwe na ncha, akamwambia mtoto afumbe macho na kuonyesha kwa kidole kila mahali atakapoguswa. Mtoto alionyesha bega, alionyesha shavu, alionyesha goti. Pamba ilipogusa mabaka hakuonyesha kitu. Alikaa tu akingoja. Ugonjwa ukajulikana siku ile ile, na dawa ikaanza. Lakini kidole cha mwisho na kile cha pete vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekwisha kupinda.

Jioni maneno yakazuka nyumbani. Baba wa mtoto alisema, "Mtu yule ameharibu mkono wa mwanangu. Nitamshitaki, naye atalipa." Babu akajibu, "Mwanangu, mwuguzi si Mungu. Ugonjwa ulijificha, yeye angefanya nini?" Mama peke yake hakusema neno. Alikuwa ameushika mkono wa mtoto akijaribu kuvinyosha vile vidole viwili.

Yupi kati ya baba na babu alisema kweli?

Kukosa na kuwa na hatia

Kwanza yafaa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kukosa ni kufikiri jambo lisilo kweli. Kuwa na hatia ni kuacha kufanya lililowajibika, hali mtu angeweza kulifanya. Mvuvi stadi akitoka ziwani kukiwa shwari, upepo ukaja ghafula na mtumbwi ukapinduka, watu humlilia, hawamlaumu. Lakini mvuvi aliyeona ufa chini ya mtumbwi, asiuzibe, akapakia watoto wa wenzake, huyo atajibu, hata kama hakumchukia mtoto hata mmoja.

Sheria ya Kongo yasema jambo lilo hilo. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, katika kifungu chake cha 258, yaamuru kwamba mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake ni lazima airudishie hasara ile. Kifungu cha 259 chaongeza kwamba mtu hujibu pia kwa hasara iliyotokana na uzembe wake au kutoangalia kwake. Na Sheria ya Adhabu, tangu kifungu cha 52 hadi cha 54, yamhesabia hatia mtu aliyeua au kujeruhi kwa kukosa kuona mbele na kukosa hadhari, ijapokuwa hakukusudia ubaya. Kwa hiyo kusema "sikutaka" hakutoshi kumwosha mtu.

Lakini sheria haimdai mganga asichoweza. Huko Ufaransa, tarehe 20 Mei 1936, Mahakama ya Kasasyo iliamua kesi ya mama mmoja aliyetibiwa ugonjwa wa pua kwa mionzi, akapata madhara usoni. Mahakama ilieleza kwamba mganga hamwahidi mgonjwa kupona. Humwahidi kumtunza kwa dhamiri, kwa uangalifu, na kwa kufuata elimu iliyokwisha kupatikana. Mafundisho hayo yamefuatwa na waamuzi wengi tangu siku hizo, na mtu wa kijijini aweza kuyafahamu bila shida: mganga hauzi uzima, bali ana deni la uangalifu.

Basi swali la mtoto yule lageuka kidogo. Haiulizwi tena, "Je, mwuguzi alikosea?" Hilo liko wazi. Yaulizwa, "Je, alitoa uangalifu aliokuwa na deni nao?"

Ugonjwa unaojificha

Babu alisema ugonjwa ulijificha. Hapo alisema kweli, na haki yadai apewe sifa yake.

Ukoma huletwa na kijidudu kidogo sana kilichoonwa na mganga Hansen huko Norwe mwaka 1873. Kijidudu hicho hukua polepole mno. Tangu kuingia mwilini mpaka alama ya kwanza kuonekana hupita kwa kawaida miaka 5, na pengine miaka 20 au zaidi. Hakiambukizi upesi kama watu wanavyodhani. Watu walio wengi sana wana nguvu mwilini ya kukishinda. Baka lake la kwanza lafanana na choa, na ukurutu, na magonjwa mengine ya ngozi, nayo choa ni nyingi vijijini kuliko ukoma. Tena katika uso, ambako mishipa ya fahamu ni mingi, baka la ukoma laweza kusikia mguso kama ngozi nzima. Kwa hiyo mtu mwenye elimu na moyo mwema aweza kulitazama baka siku ya kwanza na kulipa jina lisilo lake.

Historia ya Kongo yenyewe yatoa mfano. Mwaka 1970 mtoto mwanamume wa miezi 9 aliletwa hospitali ya Basankusu, katika Ekwateri, akiwa na homa na malengelenge mwili mzima. Waganga walidhani ni ndui. Hawakuwa wajinga, ugonjwa aliokuwa nao ulikuwa haujapata kuonwa kwa binadamu. Lakini walikuwa na shaka, kwa maana ndui ilikuwa imekwisha kutoweka katika sehemu zile. Wakachukua sehemu ndogo ya malengelenge, nayo ikapelekwa mpaka Moscow kupimwa. Huko ilionekana kuwa si ndui, bali ni ugonjwa uliojulikana tangu mwaka 1958 kwa nyani tu, ule unaoitwa leo mpox. Waganga wale walikosea, lakini hawana hatia. Waliiheshimu shaka yao, wakaipa miguu ya kutembea.

Kwa hiyo mara ya kwanza, mwuguzi wa dispensari alipoona baka moja dogo akasema "choa", ni vigumu kumshitaki. Yafaa kusema kwamba hakusogea karibu, wala hakuligusa, na hilo si jema. Walakini mtu mwenye haki hatamhukumu kwa siku ile moja, kama mama aliambiwa arudi asipopona.

Mgonjwa anayerudi ni shahidi

Mara ya pili mambo si yale yale. Mama aliporudi na baka lililokua, alileta ushuhuda kwamba jina la kwanza halikuwa jina la kweli, ama dawa haikuwa dawa yake. Mgonjwa anayerudi hasumbui, anafundisha. Mwuguzi alibadili jina la ugonjwa, naam, lakini hakubadili namna ya kutazama. Alitoa jina jipya kutoka kichwani, palepale alipoketi. Tena alitoa mafuta ya kotizoni bila kujua anatibu nini. Mafuta hayo yaweza kutuliza wekundu na uvimbe wa ngozi hata alama za ugonjwa zikafifia, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea chini yake. Ni kama kupaka chokaa juu ya ufa wa ukuta.

Makatekumeni waliosikia habari za Agano la Kale waweza kukumbuka Kitabu cha Walawi, sura ya 13. Humo imeelezwa jinsi kuhani alivyopaswa kumtazama mtu mwenye alama katika ngozi. Magonjwa yatajwayo humo si lazima yawe ukoma ule unaojulikana na waganga leo. Lakini angalia utaratibu wake: kuhani hutazama, na kama hana hakika hatoi neno la mwisho. Humweka mtu kando siku 7, humtazama tena, na shaka ikibaki huongeza siku 7 nyingine. Watu wale hawakuwa na darubini wala dawa, lakini walijua kwamba jicho la mara moja hudanganya, na kwamba asiyejua hana budi kutazama tena.

Mara ya tatu ndiyo iliyo nzito. Siku ile mama alisema neno ambalo mwuguzi ye yote aliyefundishwa habari za ngozi angeshituka alisikiapo: mtoto ameungua asilie. Baka lisilosikia ni alama kubwa ya ukoma. Waganga hufundishwa alama tatu: baka lililofifia au lililo jekundu lisilosikia mguso; mshipa wa fahamu ulionenepa, pamoja na udhaifu au ganzi katika sehemu unayoitumikia; na vijidudu vionekanavyo katika ngozi iliyopimwa. Moja tu ya hizo yatosha. Alama ya kwanza mama aliileta kwa mdomo wake, bure, hata mezani.

Kuipima alama hiyo kwahitaji nini? Hakuhitaji umeme, wala mashini, wala fedha. Kwahitaji pamba kidogo au unyoya wa kuku, na dakika mbili. Mwuguzi hakukosa kitu cho chote cha mkononi. Alikosa kuinua kichwa.

Hapo kosa limekuwa hatia. Si kwa sababu jina lilikuwa baya kwa mara ya tatu, maana mtu aweza kukosea hata mara tano akiwa anatafuta kweli. Ni kwa sababu mara ya tatu aliambiwa, akaweza kujua, asitake kutazama.

Udhuru wa mwuguzi

Yafaa mwuguzi naye asikilizwe, maana hukumu bila kusikiliza ni uonevu.

Aweza kusema, "Wagonjwa walikuwa wengi, nami peke yangu." Udhuru huu una uzito. Wauguzi wengi wa vijijini hutibu tangu asubuhi mpaka jioni, na mshahara hukawia. Aliyechoka huona kidogo. Udhuru huu wapunguza hatia. Hauifuti, kwa kuwa dakika mbili za pamba zingeokoa safari mbili na chupa mbili za mafuta.

Aweza kusema, "Dispensari haikuwa na dawa ya ukoma." Lakini kukosa dawa si kukosa macho. Asiye na dawa huandika barua, humtuma mgonjwa mbele. Tena dawa za ukoma, ambazo ni rifampisini, dapsoni na klofazimini pamoja, hutolewa bure katika nchi zote tangu mwaka 1995. Mgonjwa huzimeza miezi 6 au 12, kadiri ugonjwa ulivyoenea, naye hupona; na muda mfupi baada ya kuanza kuzimeza hawezi tena kuambukiza wengine.

Aweza kusema, "Sikufundishwa habari za ukoma." Ikiwa ni kweli, basi mzigo wahamia mabegani mwa wakubwa wake. Aliyempa mtu ufunguo wa dispensari bila kumfundisha ugonjwa uliomo katika nchi yake, huyo ana sehemu ya hatia, na sehemu kubwa. Kongo bado ni mojawapo ya nchi zinazopata wagonjwa wapya wa ukoma kila mwaka. Si ugonjwa wa hadithi za kale. Lakini hata asiyefundishwa alijua jambo moja: kwamba dawa yake imeshindwa mara mbili. Neno "Sijui, nendeni hospitali" halihitaji shule. Ni neno dogo, lakini kiburi hulifanya liwe zito mdomoni.

Na wazazi je? Wengine watasema mama angerudi mara ya nne, au angekwenda hospitali yeye mwenyewe. Ni kweli kwamba mzazi asichoke kuuliza. Lakini mama yule alitembea mara tatu, alieleza vema, alipaka dawa alizopewa. Haya aliyoiona ilipandwa na yule asiyemtazama. Kumtwika yeye lawama ni kumpiga aliyekwisha kuanguka. Pengine lawama yafaa kumwendea jirani anayemcheka mkoma na kumtenga, maana hofu ya jina hilo huwafanya wengi wayafiche mabaka yao mpaka vidole vipinde.

Je, ni uzembe ule uliopinda vidole?

Baba asiende barazani kabla ya kujibu swali hili. Sheria yadai mambo matatu: liwepo kosa, iwepo hasara, na hasara ile iwe imetokana na kosa lile. Ukoma wenyewe haukuletwa na mwuguzi. Mtoto alikuwa nao kabla ya kuingia dispensari. Basi mwuguzi hawezi kujibu kwa ugonjwa. Ajibu kwa muda uliopotea.

Na muda katika ukoma una bei. Mshipa wa fahamu upitao nyuma ya kiwiko ndio unaotumikia kidole cha mwisho na kile cha pete. Ukishambuliwa, mkono hupoteza hisia, kisha nguvu. Udhaifu huo ukigunduliwa kabla haujapita miezi 6, iko dawa ya kutuliza uvimbe wa mshipa, na mara nyingi nguvu hurudi, yote au sehemu yake. Ukikawia zaidi, tumaini hupungua sana. Mara ya tatu mama alipofika, vidole vilikuwa vimenyoka bado. Mwaka mmoja baadaye vilikuwa vimepinda. Hakuna awezaye kuapa kwamba vingepona. Lakini nafasi ya kupona ilikuwapo, nayo iliachwa ipite. Hilo ndilo la kudaiwa, si zaidi wala si pungufu.

Jibu

Basi baba na babu kila mmoja alishika nusu ya kweli. Babu alisema mwuguzi si Mungu. Ni kweli, na kwa hiyo kukosea kwa mara ya kwanza si hatia ya uganga. Baba alisema atalipa. Naye alisema kweli kwa ajili ya siku ile ya tatu. Asichokuwa na haki nacho ni kumwita mwuguzi mwuaji au mchawi, wala kumvizia njiani na fimbo.

Njia iliyonyoka ni hii. Baba achukue fishi zote, zenye tarehe na majina ya ugonjwa yaliyoandikwa, maana karatasi haisahau. Amwendee kwanza mwuguzi mwenyewe, mbele ya mzee mmoja au wawili, amweleze. Kisha aende kwa mkubwa wa dispensari na kwa mganga mkuu wa eneo la afya, ili mafunzo yatolewe na mtoto mwingine asipatwe. Akikataliwa huko, baraza la sheria liko, nalo si dhambi kuliendea.

Mwuguzi naye, akisema "Nimekosa, unisamehe", amefanya mwanzo mwema. Lakini ajue kwamba msamaha haufuti deni. Kila mkatekumeni amefundishwa kwamba mwizi aliyetubu hurudisha mbuzi. Aliyepoteza nguvu za mkono wa mtoto arudishe anachoweza: gharama za safari, za hospitali, za mazoezi ya mkono, na kazi ya kumtafuta kila mtoto mwingine aliyempa mafuta ya choa bila kumgusa. Hilo la mwisho ndilo malipo makubwa kuliko yote, nalo halingoji mwamuzi.

Na kwa wazazi, neno fupi. Mtoto akiwa na baka lisilowasha, lisilotoka, mfumbe macho, umguse kwa unyoya. Asiposikia, mpeleke. Usione haya kurudi mara ya nne. Mama aliyerudi hana kosa. Na mganga mwenye hekima humshukuru.

Maswali ya kufikiri nyumbani

1. Mtu aweza kukosea bila kuwa na hatia: toa mfano kutoka kazi yako mwenyewe.

2. Kwa nini mara ya tatu ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, ijapokuwa jina la ugonjwa lilikuwa lile lile?

3. Mwuguzi ameomba msamaha, na mama amemsamehe. Je, deni limekwisha? Sababu gani?